Choki Sakafuni

Saruji imekauka tangu Jumatatu.
Nimevua viatu nipime kwa nyayo
kabla Onzere hajafika na utepe wake,
maana utepe husema futi saba kwa kumi na moja
na mguu husema: hapa utajikwaa.

Nachora kwa choki ya mwanangu, ya samawati,
nyeupe iliishia darasani.
Mashine ya kufulia, mraba huu, kando ya mlango.
Sinki la saruji, pana, linalomeza blanketi bila ugomvi.
Rafu ya sabuni. Msumari wa ufagio.
Pale, nyuma ya ukuta, bafu.

Kiamunyi maji huja Jumanne,
na Ijumaa yakipenda.
Kwa hiyo mapipa mawili yana haki hapa kuliko mashine,
ambayo bado iko dukani
na bei yake hupanda kila nikiitazama.
Nayapa mapipa kona. Nawaza
maji haya ya magadi, yaliyoyapa meno ya ukoo mzima
rangi ya chai,
yatakula bomba lipi kwanza.

Onzere anafika. Anachuchumaa, haongei.
Anamwaga kikombe cha maji sakafuni
tunayatazama yakifikiri.
Yanaelekea sebuleni.
"Umechora vizuri," anasema,
"ila maji hayajasoma."

Basi mteremko uanze upya, unene wa kidole kila hatua,
tundu lihamie chini ya dirisha,
sinki lifuate tundu, mapipa yapishe sinki.
Nafuta kwa kisigino, nachora,
nafuta.
Kisigino kimekuwa cha samawati.

Mama ameketi kwenye kiti cha plastiki,
leso magotini,
amekuja kukagua nyumba anayosema hatahamia.
"Na hicho kizingiti?"
Cha kuzuia maji, Mama Tabutany.
"Kwani maji ndiyo yenye magoti mabovu?"
Kizingiti kinafutwa.

Anataka mfereji mmoja uwe chini,
mtu aufikie akiwa ameketi.
Si yeye. Wageni wafupi.
Anataka chuma ukutani, cha taulo tu.
Onzere analamba ncha ya penseli, anaandika:
*chuma cha taulo, kibebe kilo themanini.*

Halafu mlango.
Amechora tao lake likiingia ndani ya bafu
kama milango yote aliyowahi kutundika
kutoka Mbale hadi Naivasha.
Ukifungukia nje, anasema, utagonga mashine,
rangi itachubuka,
kila asubuhi mtasikia ko, ko.
Anaeleza vizuri. Ana haki.

Mimi na Mama hatutazamani.

Kule Shabab mlango ulikuwa wa bati
na ulifungukia ndani.
Baba alikuwa mtu mrefu.
Aliangukia mlangoni, akaulalia kwa uzito wake wote,
na sisi huku nje, watu wanne, tukausukuma,
tukamsukuma yeye.
Maji yaliendelea kumwagika.
Ilikuwa Ijumaa.

"Ufungukie nje," nasema.
"Na mashine?"

Nafungua mdomo, sina jibu.
Mama ananyoosha mkono, anaomba choki.
Anainama kitini, polepole, goti likilia,
anaifuta mashine yote kwa kiganja,
mpaka ile pembe niliyoichora mara tatu.
"Ikalale jikoni," anasema.
"Hiyo haiamki usiku."

Onzere hamuulizi mtu kitu.
Anachora tao jipya, pana,
linapita katikati ya vumbi la mashine.
Kisha anasimama, kwa utani labda,
anashika kitasa kilichoko hewani
anauvuta kwake mlango ambao haujaja.

Mama anainuka.
Anajipangusa samawati kwenye leso,
anaingia bafuni
bila kuinua mguu.